Ringi, Vumbi na Kipimo: Utangulizi wa Elimu ya Uchakavu wa Injini

Chukua safari ya saa moja kutoka Dodoma mjini hadi Mvumi Mission, kilomita 40 hivi upande wa kusini-mashariki, ndani ya Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Injini hiyo ina silinda nne, kila moja kipenyo chake milimita 75, na pistoni husafiri milimita 84.7 kutoka juu hadi chini. Ikizunguka kwa wastani wa mara 2,500 kwa dakika, kila pistoni itakuwa imepanda na kushuka mara 150,000 kufikia lango la hospitali ya Mvumi, na ringi zake zitakuwa zimejiburuza kwenye ukuta wa silinda kwa zaidi ya kilomita 25. Gari limekwenda kilomita 40 kwa kubingirika. Ringi zimekwenda 25 kwa kusugua, chuma juu ya chuma, na kinachozitenga na ukuta ni utando wa oili wenye unene wa mikroni chache. Unywele mmoja wa kichwani una mikroni 70 hivi.

Elimu ninayokuitia inauliza utando huo unapatwa na nini, na ukishashindwa, afanye nini mtu ambaye mfuko wake hauruhusu injini nyingine. Ina pande mbili ambazo tumezoea kuzitenganisha. Upande mmoja ni elimu ya msuguano na uchakavu, inayofundishwa vyuoni kwa hesabu. Upande wa pili ni ufundi wa kukarabati, unaofundishwa gerejini kwa kushika. Mimi naziona ni elimu moja, na naamini upungufu wa fedha ndio unaozikutanisha. Mwenye fedha nyingi halazimiki kujua ringi zililika kwa nini, kwa kuwa anaweza kununua injini nyingine na kuendelea na safari. Mwenye fedha kidogo hana budi kujua kipi kimelika, kimelika kiasi gani, na kipi bado kina maisha, maana kila kipuri anachobadilisha bila sababu ni ada ya mtoto au gunia la mtama lililotoka nyumbani. Kwa hiyo ukarabati wa bei nafuu unadai kipimo zaidi kuliko ukarabati wa bei ghali. Hilo ndilo nitakalolitetea katika kurasa hizi.

Tuanze na ringi yenyewe. Kabla ya miaka ya 1850, pistoni za injini za mvuke zilizibwa kwa kamba za katani na kwa vyuma vilivyounganishwa kwa namna za kutatiza. John Ramsbottom, mhandisi wa treni huko Manchester, Uingereza, ndiye aliyeleta wazo la ringi ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, kubwa kidogo kuliko silinda, ambayo ikibanwa ndani hujisukuma yenyewe kuelekea ukutani. Wazo hilo halijabadilika. Pistoni nyingi za magari ya leo zina ringi tatu. Mbili za juu huzuia mgandamizo usivuje kwenda chini, na ya tatu hukwangua oili ukutani na kuirudisha kwenye sampu. Ringi hizo zina kazi nyingine ambayo wengi huisahau: kichwa cha pistoni hupokea joto la mwako, na sehemu kubwa ya joto hilo hupita kwenye ringi kwenda ukutani, kisha kwenye maji ya rejeta. Ringi iliyolika huvujisha nguvu, humeza oili, na huiacha pistoni iungue.

Zinalikaje? Mwaka 1902 Mjerumani Richard Stribeck alionyesha kwamba hali ya oili kati ya vyuma viwili hutegemea mwendo. Vyuma vikienda kasi, oili huvinyanyua na kuvitenganisha. Vikipunguza mwendo, utando hukonda mpaka vikagusana. Sasa fikiria pistoni. Mara mbili katika kila mzunguko wa krenki husimama kabisa, juu na chini, na pale juu husimama wakati moto na mgandamizo viko kileleni, hivyo ringi ya kwanza hubanwa ukutani kwa nguvu kubwa wakati uleule utando umekonda. Ndiyo maana silinda hailiki sawasawa. Hulika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na juu ya hapo hubaki kidato kidogo cha chuma kisichoguswa na ringi. Ukifungua silinda hedi, pitisha ukucha ukutani kuelekea juu. Ukucha ukikwama, umeshakutana na uchakavu uso kwa uso.

Nusu karne baada ya Stribeck, mwaka 1953, J. F. Archard aliandika kanuni ambayo bado tunaitumia: chuma kinacholika huongezeka kadiri mzigo na umbali wa kusugua vinavyoongezeka, na hupungua kadiri chuma chenyewe kinavyokuwa kigumu. Kanuni hii fupi inaeleza jambo ambalo kila kijiji kimeliona. Injini ya Lister ya mtindo wa zamani, ile ya 6/1 inayozungusha mashine za kusaga, huenda mizunguko 650 tu kwa dakika. Ingawa mwendo wa pistoni yake ni mrefu, milimita 139.7, ringi zake husafiri kilomita 11 hivi kwa saa, chini ya nusu ya zile za IST yetu. Si ajabu kuona mashine ya aina hiyo ikisaga unga wa vizazi viwili. Mwaka 1966 kamati ya Peter Jost iliieleza serikali ya Uingereza kwamba viwanda vyake vingeokoa pauni milioni 515 kwa mwaka kwa kuzingatia tu msuguano, uchakavu na ulainishaji. Tangu hapo elimu hii ikapata idara, majarida na maprofesa. Haikupata, kwa maoni yangu, fundi wa wilaya ya Chamwino kama mshiriki wake kamili, na utangulizi huu unajaribu kumfungulia mlango.

Kanuni ya Archard inakosa kitu kimoja ambacho Ugogo, nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma, inacho kwa wingi, nacho ni vumbi. Nyanda za kati zimekaa juu ya itale, na itale ikioza hutoa mchanga wenye kwatsi nyingi. Katika kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kwatsi iko kwenye 7, juu ya chuma cha kusubu ambacho ukuta wa silinda umetengenezwa nacho. Chembe ya kwatsi ikiingia kati ya ringi na ukuta, haisagiki kabla haijakwaruza. Chembe kubwa si lazima ziwe ndizo hatari zaidi, kwa sababu nyingi hunaswa na chujio. Zinazoua ni zile ndogo zenye ukubwa unaokaribiana na unene wa utando wa oili: zinapita, zinaingia, na zinagusa pande zote mbili kwa pamoja.

Sasa piga hesabu ya hewa. Hiace yenye injini ya dizeli ya 3L, lita 2.8, ikizunguka mara 2,500 kwa dakika huvuta karibu mita za ujazo 180 za hewa kwa saa. Huo ni ujazo wa nyumba ndogo nzima, na kwenye barabara ya vumbi mwezi wa Septemba, nyuma ya lori, hewa hiyo inaonekana kwa macho. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi iliyobaki ardhi hukauka na visulisuli hutembea mashambani. Mvumi yenyewe inajulikana na wanasayansi wa ardhi kwa makorongo na mmomonyoko wake. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1986 mifugo iliondolewa katika eneo la Mvumi ili ardhi ipumzike na majani yarudi. Maandishi mengi ya mradi huo yanahusu malisho, mazao na uhamaji wa ng'ombe. Mimi naomba tuyasome pia kama maandishi ya injini, kwa sababu udongo uliokosa majani ya kuushikilia ndio unaopanda hewani na kuishia kwenye chujio.

Yupo aliyeujua udongo huu kwa gharama kubwa. Kongwa, mashariki mwa Dodoma, ndiko serikali ya Uingereza ilikoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zake Tanganyika, kwa mashine ili kuziba pengo la mafuta ya kula Uingereza baada ya vita. Matrekta yalitafutwa kila palipopatikana. Mengine yalikuwa mabaki ya jeshi la Marekani yaliyotoka Ufilipino, na mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, vikapewa jina la Shervick. Mengi yalifika yakiwa yamechoka, vipuri vilikwama bandarini Dar es Salaam, na madereva walipewa mitambo kabla hawajafundishwa kuitunza. Kisha udongo ukafanya yake. Mvua ilipokatika uligeuka mgumu, na kwatsi iliyomo ikayala majembe ya plau kwa kasi ambayo wapangaji hawakuitarajia. Mpango ulifungwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi.

Kongwa kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha siasa na kiburi cha wakoloni, na ni haki. Lakini kwa mwanafunzi wa uchakavu, Kongwa ni jaribio kubwa la kwanza la mashine dhidi ya ardhi ya Ugogo, na somo lake ni la kiufundi kabisa: hakuna aliyepima udongo kwa jicho la mtu wa mitambo kabla ya kuagiza mitambo. Walipima kama karanga zingeota. Hawakupima kama chuma kingedumu. Fundi anayefunga ringi mpya kwenye gari bila kuangalia chujio la hewa anarudia kosa hilohilo kwa kipimo kidogo zaidi, na mwenye gari ndiye atakayelipa mara ya pili.

Baada ya uhuru elimu hii ilikuzwa zaidi na uhaba kuliko vyuo. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na ukosefu wa fedha za kigeni vilifanya kipuri kipya kuwa kitu adimu, mpaka bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Katika miaka hiyo fundi alilazimika kujua vipimo kwa kichwa. Kama ringi za injini husika hazipo, ni injini gani nyingine yenye kipenyo kilekile? Unene wa ringi unalingana na mfereji wa pistoni? Mwanya ukiwa mdogo, upigwe tupa kiasi gani? Hayo ni maswali ya kitaaluma yaliyoulizwa chini ya mwembe. Joshua Grace, mwanahistoria Mmarekani, aliyafuatilia katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, akionyesha kuwa gereji za Tanzania zilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa, wala hazikuwa za kuiga tu yaliyotoka nje. Mwaka 2006 mwanahistoria David Edgerton naye alikwishawataka wanahistoria wa teknolojia waache kutazama uvumbuzi peke yake na watazame matengenezo, na mafundi magari wa Ghana walikuwa miongoni mwa mifano yake. Ningependa kila mwanafunzi wa ufundi magari asome kazi hizo, na kila mwanahistoria anayezisoma ashike konrodi mkononi.

Nimesema kipimo. Sasa nieleze nina maana gani, kwa sababu hapa ndipo fedha huokolewa au hupotea.

Gari linakula oili na linatoa moshi wa bluu. Watu wengi wataitamka hukumu papo hapo: ringi, oveholi. Subiri. Moshi unatoka lini? Ukitoka injini inapovuta mzigo, unapopanda kilima, ringi zina shaka. Ukitoka kwa mshindo mmoja asubuhi unapowasha, au unapokanyaga tena mafuta baada ya kuteremka mteremko mrefu, angalia kwanza sili za valvu, ambazo ni za bei ndogo na katika injini nyingi hubadilishwa bila kufungua silinda hedi. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Mvuke mwembamba ni wa kawaida. Moshi unaosukumwa nje kwa vishindo ni mgandamizo unaovuja kupita ringi. Kisha kagua valvu ndogo ya kupumulia injini. Ikiziba, shinikizo hujaa ndani na oili hutafuta njia, na injini nzima itaonekana mgonjwa kwa kosa la kipande cha plastiki.

Baada ya hapo pima kompresheni. Injini iwe ya moto, plagi zote zitolewe, mafuta yakanyagwe hadi mwisho, betri iwe na nguvu, na kila silinda ipewe mizunguko ileile. Hapa Dodoma kuna jambo ambalo vitabu vya kiwanda havikuambii. Mji huu uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la asilimia 87 au 88 ya ile ya Dar es Salaam. Injini nzima inayosoma baa 13 ufukweni itasoma chini kidogo ya 11.5 hapa, bila kuwa na kasoro yoyote. Fundi anayelinganisha geji yake na namba ya kitabu bila kufanya hesabu hiyo ataihukumu injini isiyo na hatia. Kwa hiyo linganisha kwanza silinda na silinda. Tatu zikiwa sawa na moja ikiwa chini, tafuta kosa kwenye ile moja. Ongeza kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Geji ikipanda sana, oili imeziba kwa muda pale ringi ziliposhindwa. Isipopanda, valvu au gasketi ndiyo inayovuja. Kipimo hicho cha oili ni cha injini ya petroli. Kwenye dizeli usikijaribu, kwa sababu nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno na oili haibanwi kama hewa.

Hata ringi zikithibitika, bado kuna swali la kama zimelika au zimekwama. Oili iliyochelewa kubadilishwa huacha masizi kwenye mifereji ya pistoni, ringi ya oili ikaganda, na matundu madogo ya kurudishia oili yakaziba. Injini za Toyota za 1ZZ-FE za kwanza zilijulikana duniani kote kwa tatizo hilo, kwa kuwa matundu yake yalikuwa machache na madogo. Injini ya namna hiyo inaweza kuwa inakunywa oili kwa kiasi cha kutisha huku ukuta wa silinda bado una mistari ya kiwandani. Tiba yake ni kusafisha na kufunga ringi mpya, na bloku haiguswi.

Sasa umefungua. Kifaa unachohitaji ni fila geji, ambayo bei yake haifiki bei ya galoni moja ya oili nzuri. Chukua ringi mpya ya juu, iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, na upime mwanya kati ya ncha zake. Anza chini kabisa, mahali ambapo ringi hazifiki na silinda haijalika. Kanuni ya kukadiria ni milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo, yaani 0.3 kwa silinda ya milimita 75, na 0.38 hivi kwa 3L yenye silinda ya milimita 96. Kisha ipandishe ringi ileile hadi chini kidogo ya kidato na upime tena. Tuseme chini umepata 0.30 na juu 0.62. Tofauti ni 0.32. Igawe kwa 3.14 na utapata 0.10: silinda yako imepanuka juu kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa ringi na fila geji umepima kitu ambacho watu hudhani kinahitaji chombo cha bei kubwa. Hesabu hii ni nzuri mno kiasi kwamba ningeifundisha shule ya sekondari, chini ya somo la duara, ili mwanafunzi aone π ikifanya kazi ya kuokoa fedha za mzazi wake.

Njia hii ina mpaka. Inaonyesha silinda ilivyopanuka. Haionyeshi kama imekuwa ya yai, kwa sababu pistoni husukuma upande mmoja zaidi ya mwingine. Kwa hilo utahitaji geji ya silinda, na karakana yenye mashine za kuchonga itakupimia kwa malipo madogo. Lipia kipimo kabla hujalipia kuchonga. Kitabu cha injini husika ndicho chenye neno la mwisho kuhusu ukomo, lakini ukifika karibu na 0.1 uko ukingoni. Chini ya hapo, ringi mpya na kukwaruza ukuta upya vitatosha. Juu ya hapo, ringi mpya itakuwa ikipanuka na kujibana kila inapopanda na kushuka, haitakaa, na moshi utarudi kabla ya mavuno yajayo. Hapo uchaguzi hutegemea bloku. Bloku nzito ya chuma cha kusubu, kama ya Land Rover za zamani zilizozoeleka misheni na serikalini, inachongwa na kufungwa pistoni za ovasaizi. 1NZ-FE haikuundwa kwa hilo: laina zake ni nyembamba na zimesubiwa ndani ya alumini. Silinda za IST zikishalika kupita ukomo, mwambie mwenye gari ukweli mapema, kwamba injini ya mtumba iliyopimwa kompresheni mbele ya macho yake ni matumizi bora ya fedha zake kuliko ringi.

Katika kazi yenyewe kuna vitu vya kubana na visivyobanwa. Katika magari mengi bloku inaweza kubaki ndani ya gari: silinda hedi inatoka juu, sampu inatoka chini, na pistoni zinasukumwa kwenda juu, baada ya kidato kukwanguliwa ili kisivunje chochote. Pistoni za zamani zinarudi kazini ikiwa mifereji yake haijapanuka. Ingiza ringi mpya kwenye mfereji na upime pembeni kwa fila. Nafasi ikizidi mno 0.1, ringi itacheza na kuvunjika. Ringi ya zamani iliyovunjwa ndiyo kifaa bora cha kukwangua masizi mferejini. Vifuniko vya konrodi vitiwe alama kabla ya kufunguliwa, kwa kuwa kila kimoja kilichongwa pamoja na konrodi yake na hakibadilishani na kingine. Gasketi ya silinda hedi, oili, filta ya oili na chujio la hewa havibanwi. Sili za valvu pia, kwa kuwa hedi iko mezani tayari na kazi yake umeshailipia.

Usafi ndio sehemu ninayoihimiza kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Ukuta wa silinda unapokwaruzwa kwa mawe ya kuhoni ili upate mistari inayokatizana, yenye kazi ya kushika oili, mawe hayo huacha unga wake ndani ya mistari. Petroli na dizeli huondoa mafuta na kuuacha unga palepale. Sabuni na maji ya moto ndivyo vinavyoutoa, kisha kitambaa cheupe chenye oili, mara nyingi, mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Krenki ikiwa bado imo, ifunikwe vizuri, na ukuta ufutwe kwa kitambaa cha sabuni badala ya kumwagiwa maji. Asiyefanya hivi amefunga ringi mpya pamoja na vumbi jipya, gumu kuliko la Mvumi. Baada ya hapo alama iliyo kwenye ringi itazame juu, mianya ya ringi tatu isielekeane, na gari likishawaka lisiachwe likiunguruma bila kazi. Lipewe mzigo wa wastani, kupanda na kushuka mwendo, na oili ya kwanza imwagwe kati ya kilomita 500 na 1,000.

Na chujio? Pitisha kidole ndani ya bomba la hewa, upande wa injini, baada ya chujio. Ukihisi vumbi, ringi zako zinakwisha leo, hata kama zimefungwa jana. Mara nyingi kosa haliko kwenye karatasi ya chujio bali kwenye mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, au chujio lililopulizwa kwa kompresa mpaka likatoboka. Kidole hakigharimu chochote.

Vijana wengi watakaosoma kurasa hizi wamejifunza kwa kumshikia fundi spana, na hiyo ni shule halali. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, imeshughulika na viwanda vidogo kwa miongo mitano. Tumieni milango hiyo, mabinti na wavulana. Lakini kazi ya kielimu inaweza kuanza kabla ya cheti chochote, pale gerejini ulipo, kwa daftari la mistari. Kila injini inayofunguliwa, andika namba yake, kilomita zake, barabara inazotembea, hali ya bomba la hewa, mwanya wa ringi juu na chini kwa kila silinda, na umri wa oili iliyomwagwa. Hifadhi ringi ya juu iliyotoka, ifungwe kwenye karatasi yenye tarehe. Magari yanayokaa lami ya mjini na yale yanayokwenda Mvumi, Mpwapwa na Kondoa yaandikwe kurasa tofauti, ili baada ya misimu michache tofauti kati yake isomwe kwa milimita. Chora jedwali lenye safu nne, moja kwa kila silinda, na uanze na silinda namba moja, ile iliyo upande wa mkanda.